LASIK, PRK ama SMILE: mwenye astigmatizimu achague ipi?

Swali limetoka kwa kijana wa Likoni, nimelifupisha kidogo: "Daktari shikamoo. Nina miaka 23, kazi yangu ni kuandika namba za makontena pale bandarini Kilindini, mara nyingi shifti ya usiku. Miwani navaa tangu darasa la sita. Usiku taa za malori zanitia kiwi, na namba naziona zina kivuli. Miwani yenyewe kwa jasho na joto hili haikai puani. Karatasi yangu ya mwaka huu: kulia -1.75 / -3.50 x 20, kushoto -1.25 / -1.50 x 165. Mwaka jana kulia ilikuwa -1.50 / -2.50 x 25. Binamu yangu alifanya LASIK Nairobi, siku ya pili yuwaona kila kitu, lakini fundi wa miwani aliniambia leza haitibu astigmatizimu. Wengine wasema PRK, wengine SMILE. Nichague ipi? Halafu macho huniwasha sana tangu utotoni, hilo lina shida?"

Marahaba mwanangu. Hilo la macho kuwasha umeliweka mwisho, mie ndilo ntaanza nalo, manake likiwa lina jambo ndani yake basi hizo njia tatu za kurekebisha macho kwa leza, LASIK, PRK na SMILE, hazina haja ya kuongelewa sasa hivi. Hebu tazama karatasi zako mbili. Jicho la kulia ile namba ya kati imetoka 2.50 ikafika 3.50 ndani ya mwaka mmoja, na kushoto iko 1.50 tu. Kwa miaka 23 namba huwa zishatulia ama zasogea kidogo kidogo, robo hivi, sasa kuruka moja nzima kwenye jicho moja, na mwenyewe ni mtu wa kufikicha macho tangu mdogo, hapo hata uniombe vipi sikwandikii barua ya leza. Nakutuma kwanza ukapigwe ramani ya konea.

Ntakueleza kwa nini, lakini kwanza tuisome hio karatasi vizuri, manake watu wengi hupewa wakaikunja mfukoni bila kujua imesema nini. Namba ya kwanza ni ile ya kutoona mbali. Ya pili ndio astigmatizimu yenyewe. Ya tatu ni pembe yake, inaanza 1 inaishia 180. Konea ni kile kioo kisicho na rangi kilicho mbele kabisa ya jicho, na kwa asiye na tatizo kimeviringana sawa kila upande kama chungwa, kwa mwenye astigmatizimu kimekaa kiembe, upande mmoja una mpindo mkali na ule unaoukata una mpindo mpole. Mwangaza ukiingia haukutani pahali pamoja, ndio 3 waiona 8, na taa ya lori yatoa mikia. Kazi ya leza ni kuondoa nyama kidogo ya konea, upande wenye mpindo mkali iondoe zaidi, mpaka pande zote mbili zilingane. Kwa hivo leza yatibu astigmatizimu, na yatibu vizuri sana, mradi iwe ile ya kawaida ambayo pande mbili zimekatana sawasawa. Haitibu ile ambayo konea imeharibika umbo, huku imevimba kule imelala, na pengine hio ndio fundi wako alikusudia.

Sasa ugonjwa unaoharibu umbo hivo waitwa keratokonasi. Konea inakuwa nyembamba pole pole, mara nyingi sehemu ya chini, halafu presha ya ndani ya jicho inaisukuma mbele mpaka inachongoka. Huanza ujanani, huendelea miaka ya ishirini, na mara nyingi jicho moja hutangulia lenzake. Kinachoonekana mwanzo ni hicho hicho ulichoniandikia wewe, astigmatizimu inapanda, miwani inabadilishwa na bado usiku hauoni vizuri. Na kufikicha macho ni katika mambo yanayofungamana nao sana. Hapa kwetu pwani watoto wenye mzio wa macho ni wengi, macho mekundu, yawasha, utelezi unavutika kama uzi, mtoto ashika ngumi akajifikicha mpaka asikie raha, na wazazi huona ni vumbi tu litapita. Sisemi kwamba wewe unao. Nasema dalili zako zatosha kukufanya usiruhusu mtu yeyote akuguse na leza kabla hajahakikisha huna, kwa sababu leza hupunguza unene wa konea, na konea ambayo tayari ni dhaifu ukiipunguza yaeza kuvimba mbele kwa kasi, na hapo waeza kupoteza uoni ambao hata miwani hairudishi. Madaktari wa leza wote waiogopa hio kuliko kitu chochote.

Ramani yenyewe haiumi. Waweka kidevu kwenye mashine, watazama taa, jicho haliguswi, sekunde chache imekwisha. Inatoka picha ya rangi, penye mpindo mkali pekundu, penye mpole pa buluu. Astigmatizimu ikiwa ni ya kawaida, kwa pembe kama yako ya 20, picha hutoa umbo la nambari 8 iliyosimama, juu na chini zimelingana. Ukiona ile 8 tumbo la chini limekuwa kubwa jekundu na la juu limesinyaa, ama imepinda katikati, hapo daktari husimama. Lakini uulize mashine ipimayo uso wa mbele NA wa nyuma wa konea pamoja na unene pahali pote, manake keratokonasi changa mara nyingi huanza kujionesha nyuma wakati mbele bado pazuri. Na kama wavaa lenzi za machoni zivue kabla, zile laini kama wiki moja mbili, zile ngumu wiki tatu nne ama zaidi, la sivyo ramani itachora umbo la lenzi badala ya jicho lako.

Ikitokea unao, usivunjike moyo. Kuna matibabu ya kuusimamisha, jicho hutiwa matone ya riboflavini, yaani vitamini B2, halafu hupigwa mwanga wa UVA, nyuzi za konea zikakazana. Ilianzia Dresden kule Ujerumani na Marekani waliidhinisha 2016. Haikupi macho ya kutupa miwani, kazi yake ni kuzuia usiendelee, ndio ukigunduliwa mapema na namba bado ndogo wafaidika zaidi. Baada ya hapo lenzi ngumu maalum huwapa watu wengi uoni mzuri sana.

Na hayo macho yanayowasha yatibiwe bila kungoja ramani. Kitambaa safi cha baridi, matone ya mzio ambayo daktari atakuandikia utumie muda mrefu, na mkono usipande machoni kabisa, hata usingizini watu wengine hulalia ngumi jichoni. Kitu kimoja nakuomba sana, usiende dukani kwa dawa ukanunua matone ya steroidi kwa sababu jirani alipona. Ni kweli yanatuliza haraka, siku mbili tu macho meupe, ndio watu wanayapenda wakayatumia miezi, halafu waja kwetu presha ya macho imepanda na mshipa wa jicho ushakufa sehemu, ama wana mtoto wa jicho wakiwa na miaka ishirini na kitu. Inauma sana kumwambia kijana wa umri wako hivo. Steroidi ni dawa nzuri ikiwa yuko mtu yuwakupima presha, bila hivo ni hatari.

Haya, sasa tuseme ramani imetoka safi, na tumekupima tena baada ya miezi sita na tena mwaka, namba haijabadilika kupita nusu. Hapo ndio tuzungumze aina.

LASIK aliyofanya binamu yako: daktari anakata ngozi nyembamba ya konea, kama maikroni 100 au 110 (maikroni elfu moja ndio milimita moja), siku hizi wengi hutumia leza nyengine kuikata badala ya kisu, anaifunua kama ukurasa, leza ya eksima inachonga chini yake, halafu anairudisha, inashika yenyewe bila uzi. Wakati wa kukata huwa jicho linavutwa na kifaa, giza linaingia sekunde kadhaa, hilo huwatisha watu lakini ni kawaida, na ile leza ikianza utasikia harufu kama nywele zinaungua. Hakuna kinachoungua. Leza hio ina mwanga wa nanomita 193 ambao unavunja viungo vya nyama bila kupasha joto, kila pigo laondoa kama robo ya maikroni. Hata ugunduzi wake una kisa, mwaka 1981 mwanasayansi wa kampuni ya kompyuta ya IBM, Srinivasan, aliijaribu kwenye mabaki ya bata mzinga wa sikukuu akaona imekata safi bila kuchoma pembeni, na kufikia 1988 Marguerite McDonald kule Marekani ashaitumia kwa jicho la mtu anayeona. Uzuri wa LASIK ni upesi, kesho yake wengi waona vizuri, maumivu ni ya saa chache. Na kwa astigmatizimu ina uwezo mkubwa, mashine zengine zimeidhinishwa kufika 6. Ubaya wake ni ukavu wa macho kwa miezi, sababu mishipa midogo ya konea imekatwa, na ile ngozi iliyofunuliwa haishiki tena kwa nguvu ya mwanzo, kwa hivo mcheza ngumi ama mtu ambaye kazi yake yaeza kumpiga jichoni tunamkataza.

PRK ndio ya zamani kuliko LASIK na bado naipenda. Hakuna ngozi inayofunuliwa. Yale maganda laini ya juu kabisa yanapanguswa, leza inachonga moja kwa moja, halafu wavalishwa lenzi laini kama bendeji mpaka maganda yaote tena, siku tatu mpaka tano. Hizo siku zina maumivu, machozi, mwanga hautazamiki, na uoni warudi polepole, wiki kadhaa, ukali kamili waeza kuchukua miezi. Ukiwa na haraka ya kurudi kazini PRK itakukera. Lakini inaacha konea nene zaidi, kwa hivo mwenye konea nyembamba kidogo ambayo ramani yake ni safi, hii ndio yake, na mtu wa michezo ya kugongana vile vile. Namba zikiwa kubwa daktari hupaka dawa ya mitomaisini kuzuia ukungu usiote kwenye konea, na jua letu hili la Mombasa linazidisha huo ukungu, kwa hivo miwani nzuri ya jua yenye kuzuia UV miezi kadhaa ni lazma, sio ya urembo.

SMILE ni mpya zaidi. Haitumii eksima kabisa, leza ya femtosekunde, yaani ya mapigo mafupi mno, inachora kipande chembamba ndani ya konea na daktari anakitoa kwa tundu la milimita chache. Ukavu huwa kidogo kuliko LASIK. Marekani waliidhinisha 2016 kwa wasioona mbali, astigmatizimu ikaongezwa 2018 na ikaishia 3. Wewe kulia una 3.50, umeshapita hapo. Tena kwa astigmatizimu mashine zile za mwanzo zilikuwa na upungufu mmoja, hazina njia ya kufuata jicho likizunguka, zategemea jicho na mkono wa daktari. Mpya zimeongezewa msaada, lakini kwa namba yako singeiweka mbele.

Hapo kwenye jicho kuzunguka ndio nataka tukae kidogo, sababu watu wauliza mashine ya mwaka gani wakasahau kuuliza hili. Mtu akiketi na akilala chali macho yake hayakai pembe ile ile, yazunguka nyuzi mbili tatu, wengine hata zaidi. Kwa asiye na astigmatizimu haina neno. Kwako wewe, kila nyuzi moja leza ikikosa pembe, wapoteza kama asilimia 3 ya tiba. Ikikosa nyuzi 10, ile 3.50 yabaki kama 1.20, na pembe ni nyengine kabisa, yaani umelipa pesa na miwani bado waivaa. Ikikosa 30, ni kama hukutibiwa. Kwa hivo mashine nzuri hupiga picha ya jicho ukiwa umeketi, inashika michoro ya ile sehemu yenye rangi, ukilala inaitafuta tena na kujipanga. Pasipo na hio, daktari mwangalifu hukuketisha wima, kichwa sawa, akakutia alama mbili za kalamu kwenye weupe wa jicho, upande wa saa tatu na wa saa tisa ya uso wa saa, kisha ukilala anazitumia kusawazisha. Uliza waziwazi, "Mwafanya vipi kuhakikisha pembe yangu haikosi?" Daktari anayejua kazi yake atafurahi umeuliza.

La pili ni unene, hesabu yake rahisi. Kulia, upande wenye namba kubwa unajumlisha 1.75 na 3.50, ndio 5.25, na kuchonga hio kwa upana wa milimita 6.5 huondoa kama maikroni 74. Tuseme konea yako ni 520, toa 110 za ngozi ya LASIK, toa 74, yabaki 336, hapo sawa. Ikiwa ni 470 yabaki 286, na madaktari wengi wataka isishuke chini ya 300, wengine wakubali 250, mie kwa kijana wa miaka 23 aliyefikicha macho maisha yake yote singeenda chini ya 300 hata siku moja. Hapo ni PRK, ama kama ni nyembamba zaidi basi leza yoyote tusiiguse, kuna lenzi maalum za astigmatizimu zinazowekwa ndani ya jicho mbele ya lenzi yako ya asili bila kuchonga konea, gharama yake ni kubwa lakini zaweza kutolewa.

Kazi yako ni ya usiku, kwa hivo uambiwe ukweli: miezi ya mwanzo taa huzungukwa na duara ama hutoa miale, aina yoyote utakayofanya. Kwa wengi hupungua, kwa wachache hubaki kiasi. Upimwe ukubwa wa mboni yako gizani, na uombe likizo ama shifti ya mchana kwa muda, usirudi katikati ya malori na mashine za kunyanyua makontena na macho ambayo hayajatulia. Na lengo lisiwe kwamba hutavaa miwani tena mpaka kufa, ukifika miaka arubaini na kitu ya kusomea itakuja tu kama kwa kila mtu.

Kuhusu safari, mashine hizi zipo Nairobi, na usifanye kama wengine waliopanda treni ya asubuhi wakataka kurudi usiku huo huo. LASIK lazma uonekane kesho yake. PRK ukae mpaka ile lenzi ya bendeji itolewe, la sivyo panga na daktari wa macho huku Mombasa aitoe yeye, lakini wapange wenyewe kwa wenyewe wasikuachie wewe. Bima nyingi huhesabu leza kama hiari, kwa hivo uliza bei ni ya macho mawili ama moja, dawa na kurudi kupimwa ni ndani yake, na ikihitaji kuguswa tena mara ya pili utalipa ama la. Kwa astigmatizimu kubwa kuguswa mara ya pili ni jambo la kutarajiwa kidogo, ndio maana pia nyama ya ziada ya konea lazma ibaki. Karatasi zote za kabla ya leza uziweke vizuri, siku ukiwa mzee na mtoto wa jicho daktari atazihitaji kuhesabu lenzi.

Ukisharudi, baharini usiingie wiki mbili mpaka mwezi, maji ya ferry yakirusha geuza uso, feni na AC zisikupige machoni usiku, na lala na zile ngao za plastiki. Maji ya bomba yasiingie jichoni siku za mwanzo, sasa kama wewe ni mtu wa kuswali suala la udhu umuulize sheikh wako KABLA ya siku yenyewe, nishaona watu wamesumbuka katikati wakajimwagia maji na jicho bichi. Na dada zangu mnaosoma, wanja uache siku kadhaa kabla na wiki kadhaa baada, na mwenye mimba ama anayenyonyesha angoje, namba hubadilika wakati huo.

Kwa hivo wewe nenda kapige ramani mwezi huu, chukua na karatasi zote za miwani ya zamani ulizonazo, hata ya darasa la sita ikiwa mama amehifadhi, mpe daktari azipange kwa miaka. Ikitoka safi na namba ikatulia mwaka mzima, kwa 3.50 na unene wa kutosha mie ningekwambia LASIK, na ikiwa unene ni wa wasiwasi PRK. Ukiipata hio ramani niandikie vitu vitatu vilivyoandikwa pembeni ya ile picha: mpindo mkali kabisa, unene wa pale pembamba kabisa, na picha ya uso wa nyuma imesema nini, kwa macho yote mawili.